Gari jipya: nilivalishe PPF au hela hizi zina kazi nyingine?

#1 Kyaliwajjala_Mmoja
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nimechukua gari jipya, na nikisema jipya simaanishi lile la bondi, yaani mtumba uliokwisha kula miaka kumi Japani. Hili lina kilomita 212 na bado linanuka plastiki ndani. Rangi ni buluu iliyokolea.

Kijana mmoja ofisini amenitia wasiwasi. Anasema nisilizoeshe barabara kabla ya kulivalisha PPF, ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi. Nimeuliza bei sehemu mbili. Mwili mzima, mmoja ameniambia shilingi milioni 9 na nusu za Uganda, mwingine milioni 7. Mbele peke yake, yaani boneti, bampa, madigadi, vioo vya pembeni na taa, ni milioni 3 na laki mbili.

Naishi Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, kazi iko Jinja, naenda na kurudi mara tatu kwa wiki. Mkopo wa sacco bado miaka minne. Mama watoto anasema kwa milioni 9 mtu anaweza kuoa tena, na alivyosema hakucheka. Nisaidieni mawazo.

#2 FundiKatwe
Usidanganyike. Boneti nikikupulizia mimi ni laki mbili na nusu, rangi na kliya (lile tabaka angavu la juu) ndani yake. Kwa milioni 9 gari zima nakupulizia mara mbili na chai tunakunywa. Tangu lini gari likavaa nailoni?

#3 Dereva_Malaba
Kyaliwajjala kwenda Jinja? Basi ndugu yangu wewe unakaa nyuma yangu kila siku. Lugazi mpaka kutokea Mabira ni malori ya miwa, malori ya saruji ya Tororo, na sisi wa makontena. Kokoto ikinasa kati ya tairi mbili za nyuma za trela, ikichomoka pale ni risasi, na mimi huku mbele hata sijui kama nimekupiga. Gari yangu ndogo ya nyumbani boneti imedonolewa kama mahindi ya kuku. Huyo fundi hajaendesha kupita Ndeeba.

#4 Mtanga_Kampala
Gari "langu", Dereva. Siyo "yangu".

#5 Dereva_Malaba
Nimelinunua mwenyewe, ni yangu. Likiwa langu utanilipia bima?

#6 Binti_Bombo
Dada yenu hapa ana gari jeusi lenye PPF ya mbele, mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo naongea kutoka kwenye mfuko wangu.

Faida ipo. Nikitoka Bombo asubuhi nikiwa nyuma ya lori la mchanga nasikia "tak! tak!" na moyo haunidundi tena kama zamani. Nikiosha naona vidoa kwenye plastiki, na vingi ukiacha gari juani vinafifia. Kokoto moja tu ndiyo iliyotoboa mpaka kwenye rangi, karibu na nembo, na hiyo nadhani ilikuwa jiwe la kujengea nyumba.

Ila sikiliza upande wa pili. Katika miaka hiyo mitatu gari langu limeumizwa vibaya mara nne, na mara zote nne siyo mbele. Mara mbili ni bodaboda aliyejipenyeza kwenye foleni Wandegeya, pale pa kuwekea mguu pakachora mlango wa nyuma mwanzo hadi mwisho. Mara moja ni mtoto wa shule na baiskeli. Mara moja ni shemeji yangu na geti letu wenyewe. Nililipa hela nyingi kulinda mahali ambapo adui hakupita.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jiulize gari lako litaumia wapi.

#7 Mzee_wa_Arua
Wanangu, mimi nilikuwa na Peugeot 504 kuanzia mwaka 1986 mpaka 2003. Arua, vumbi jekundu, lami ilikuwa hadithi tunayosimuliwa na waliotoka Kampala. Nta kila mwisho wa mwezi, kitambaa cha pamba, na gari halilali nje. Nililiuza likiwa bado linaonyesha sura ya mtu anayelitazama. Rangi za zamani zilikuwa nene. Za siku hizi ni kama wamepaka na pumzi.

#8 Kijana_wa_Filamu
Kwa uwazi: kubandika PPF, hiyo filamu ya kulinda rangi, ndiyo kazi inayonilisha, mnisome mkilijua hilo.

Mzee wa Arua, shikamoo. Upo karibu na ukweli. Rangi ya kiwandani ya gari la leo, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na kliya, kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Kliya peke yake ni kama 40 au 50, na unywele wa kichwa chako ni kama 70. Yaani kinachong'aa kwenye gari ni chembamba kuliko unywele. PPF nzuri ina mikroni 150 mpaka 200, kwa hiyo unaongeza ngozi nene kuliko rangi yote iliyopo chini yake. Ndiyo maana inazuia kokoto na seramiki haizuii. Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi, ni mikroni moja au mbili, inasaidia maji kuteleza na uchafu kutoshika, lakini kwa kokoto ni kama kumpaka mtu mafuta ya nazi kabla ya kumpiga fimbo.

Fundi, unayouza wewe ni tiba, sisi tunauza kinga. Usishindanishe bei ya neti na bei ya dawa ya malaria.

#9 FundiKatwe
Neti ya milioni 9!

#10 Ntinda_Boy
Hizi PPF si zilitengenezwa na NASA kwa ajili ya vyombo vya angani? Nilisikia redioni.

#11 Kijana_wa_Filamu
#10 hapana. Zilianzia kwenye helikopta. Wakati wa vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilikuwa linapoteza panga za helikopta kwa mchanga na mawe, kampuni ya 3M ikawatengenezea plastiki ya kuzifunika. Magari ya mashindano yakaiga baadaye, kisha ikafika kwa watu kama Kyaliwajjala.

#12 Dereva_Malaba
Kwa hiyo mwenzetu anajiandaa kwa Vietnam. Barabara ya Jinja imeeleweka sasa.

#13 Jirani_wa_Kalooli
Nyote mnazungumzia kokoto. Mimi naegesha chini ya mti karibu na Makerere. Mnaujua mwaka wa mateso? Ni ule ambao kalooli walihamia kwenye mti huo.

Kwa wageni wa Kampala: kalooli ni korongo mwenye kipara, mrefu kama mtoto wa darasa la tano, chakula chake ni jalala, na anajinyea miguu yake mwenyewe apate kupoa. Akikuachia mzigo kwenye boneti si kinyesi cha njiwa, ni nusu kikombe. Nilisafiri Mbarara siku nne, nikarudi nikakuta ramani ya Afrika kwenye boneti. Nikaosha, ramani ikabaki. Nikapiga polishi, ramani ikabaki, Madagaska tu ndiyo ilitoka.

Je, PPF ingenisaidia hapo? Hilo ndilo swali la watu wa mjini.

#14 Mkemia_Kawempe
Ingesaidia, ila siyo muujiza. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha ndege ni asidi ya yuriki, na ikikaa juani inakula kliya.

#15 Binti_Bombo
Mimi nilielezwa tofauti. Kwamba asidi siyo mkosaji mkuu: rangi ikipata joto inalainika na kutanuka, jioni ikipoa inajikaza kufuata umbo la kinyesi kilichokauka juu yake. Kwa hiyo kile kivuli ni chapa, siyo kuungua.

#16 Mkemia_Kawempe
Dada, nimewahi kusoma hoja hiyo na siikatai. Yote mawili yanaweza kutokea kwa pamoja. Juani saa saba mchana boneti jeusi haligusiki kwa mkono.

#17 Jirani_wa_Kalooli
Nashukuru kwa sayansi. Bado nina ramani.

#18 Mzee_wa_Arua
Mwanangu, kata mti.

#19 Entebbe_Ziwani
Na wadudu je? Mimi nakwenda Entebbe kila siku kwa ile barabara ya kulipia, elfu tano kwenda na elfu tano kurudi. Inzi wa ziwani wakiamka, mbele ya gari panakuwa kama pamepakwa uji. Usipoosha siku hiyohiyo, kesho vidoa vimekaa. Nilibandika PPF kwenye bampa na taa tu, basi. Kwenye taa ndipo ninaposema hela yangu ilirudi. Taa za siku hizi ni plastiki, jua linazigeuza rangi ya chai ya maziwa, na taa mpya moja ya gari langu bei yake naona aibu kuiandika hapa.

#20 MamaKasese
Habari zenu. Nina magari matatu ya kukodisha, yote ya bondi. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia magari yaliyozidi miaka 15 nanunua ya miaka minane au tisa. Je, haya nayo yanavalishwa au PPF ni ya mapya tu kama la huyu ndugu?

#21 Kijana_wa_Filamu
Mama, yanavalishwa, lakini kwanza soma ile karatasi ya mnada ya Japani. Ukiona A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, XX ni kipande kilichobadilishwa. Cha kuogopa kwako ni W, maana hapo palirekebishwa na kupakwa tena. PPF ikishika juu ya rangi ya kurudia, siku ya kuibandua inaweza kuondoka na rangi. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto kali, ya gereji mara nyingi hukaushwa na upepo wa Katwe.

#22 FundiKatwe
Upepo wa Katwe umelisha watoto wako wangapi? Mimi niliona kwa macho haya: mteja kaleta gari, boneti limebanduliwa PPF, na rangi imetoka vipande vikubwa kama ganda la yai la kuchemsha. Sasa nani alikuwa anamlinda nani?

#23 Kijana_wa_Filamu
Lilikuwa limepuliziwa zamani?

#24 FundiKatwe
Lilikuwa limepuliziwa.

#25 Kijana_wa_Filamu
Na nani?

#26 FundiKatwe
Tuendelee na mada.

#27 Dereva_Malaba
😂😂😂 Uzi huu nauhifadhi.

#28 Mkemia_Kawempe
Tusimwonee Fundi, hata viwanda huteleza. Toyota wenyewe walikubali kurudia kupaka baadhi ya magari yao meupe, rangi zenye namba 040 na 070, kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa unapenya na kulegeza mshiko wa rangi na tabaka la chini yake. Mwenye gari jeupe la miaka hiyo asibandike wala kubandua kitu kabla hajaangalia namba ya rangi kwenye kibao cha gari.

#29 Ntinda_Boy
Swali. Jirani yangu ana PPF ya miaka miwili na imekuwa njano, na gari ni jeupe. Sasa linafanana na meno ya mvuta tumbaku. Kwa nini?

#30 Kijana_wa_Filamu
Aliuziwa PVC akiambiwa ni TPU. PVC ni plastiki ya bei rahisi, ngumu, na inakuwa njano mapema. TPU inavutika kama mpira. Omba kipande kidogo ukivute kwa mkono, kikikataa kurudi ondoka.

#31 Mkemia_Kawempe
Siyo lazima. Hata TPU zipo za aina mbili, na iliyotengenezwa kwa kemikali za bei rahisi inageuka njano juani vilevile. Sisi tupo karibu kabisa na ikweta na Kampala iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua letu halina huruma. Dhamana ya miaka kumi iliyoandikwa kwa ajili ya London ikifika hapa inatoka jasho.

#32 Entebbe_Ziwani
Au ni gundi. Yangu ilianza kuwa njano kwenye kingo tu, katikati ni angavu.

#33 Binti_Bombo
Kingo huwa ni vumbi. Vumbi letu jekundu linaingia chini ya ukingo na halitoki. Kwenye gari jeupe linaonekana njano, kwenye langu jeusi halionekani. Ntinda, jirani yako anaosha wapi?

#34 Ntinda_Boy
Pale chini kwa vijana, sabuni ya unga na kile kitambaa kinachoangukaga chini. Halafu Desemba alibeba ndizi matoke juu ya gari kutoka Masaka, mikungu sita.

#35 MamaKasese
Utomvu wa ndizi! Hata shati haliutoi. Mwambie jirani gari lake halina ugonjwa, lina matoke.

#36 Mkemia_Kawempe
Mama, utomvu hauwezi kuwa umeenea gari zima.

#37 MamaKasese
Hujaona mikungu sita ikitoka Masaka wakati wa mvua.

#38 Mtanga_Kampala
Naomba kuuliza kitu cha pembeni. PPF kwa Kiswahili tuiite nini? Sijaridhika na "plastiki". Mimi napendekeza "utando wa rangi".

#39 Dereva_Malaba
Sisi barabarani tunasema gari "imevaa". Imevaa au haijavaa. Imetosha.

#40 Mtanga_Kampala
LIMEVAA.

#41 Binti_Bombo
Kabla Kyaliwajjala hajalipa, jambo ambalo sijaona limesemwa: uliza wanakatia wapi. Kuna wanaokata kwa mashine kufuata umbo la gari lako, halafu wanabandika. Kuna wanaobandika kwanza halafu wanakata kwa wembe juu ya gari. Huyo wa pili awe na mkono wa daktari wa upasuaji, la sivyo utakuja kukuta mstari wa wembe kwenye rangi siku ukibandua. Langu lina mstari kama huo kwenye digadi, nimeuona juzi wakibadilisha kipande. Na wiki ya kwanza usioshe kabisa. Baadaye ukiosha kwa mashine ya maji ya kasi, usielekeze pua kwenye kingo.

#42 Kijana_wa_Filamu
Kweli tupu. Na viputo vidogo vya maji wiki za mwanzo msipige simu usiku, vinakauka vyenyewe. Ongezeni hili: mwenye kazi yake atapima unene wa rangi kabla ya kubandika. Kuna kipimo kidogo cha mkononi, kinagusishwa kwenye bati. Kwenye bampa hakifanyi kazi kwa sababu ni plastiki.

#43 Kyaliwajjala_Mmoja
Wakuu, asanteni, nimesoma yote, mama watoto naye amesoma, ile ya kalooli ameirudia mara mbili.

Nilikuwa nimekata shauri: mbele tu na taa, pamoja na kingo za milango kwa sababu ya bodaboda. Milioni 3 na laki nne. Leo asubuhi nikapeleka. Yule jamaa akafanya kama #42 alivyosema, akatoa kipimo. Boneti mikroni 118. Digadi la kulia 121. Paa 115. Milango ya kulia 120, 117. Tukazunguka. Mlango wa mbele kushoto 122. Mlango wa nyuma kushoto 287.

Akapima tena. 291. Juu, chini, katikati, hakuna chini ya 270.

Gari la kilomita 212, wakuu. Sijalipa kubandika. Nimelirudisha nyumbani nimekaa nalitazama.

#44 FundiKatwe
Mlango umepuliziwa huo. 290 ni rangi juu ya rangi, lakini puti nyingi (ile ya kujazia palipobonyea) hapana, puti ingekupa mpaka elfu moja. Kazi nzuri lakini. Umeona tofauti ya rangi?

#45 Kyaliwajjala_Mmoja
Sioni kitu. Hata nikijua, sioni.

#46 FundiKatwe
Basi heshimu fundi.

#47 Mkemia_Kawempe
Inaweza kuwa kiwandani. Gari likitoka na kasoro kwenye mstari wa rangi hurekebishwa hukohuko kabla ya kuuzwa, na hilo halina shida.

#48 Dereva_Malaba
Au melini. Au Mombasa bandarini. Au njiani. Kutoka Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na gari likija juu ya lori la kubebea magari, tawi moja la mwembe linatosha. Nimeyaona Eldoret yakiwa yamekwaruzwa na mikanda. Lakini kilomita 212 zako nazo zinaongea. Gari la kubebwa linatakiwa kufika na kilomita chache. Ulipolichukua lilisoma ngapi?

#49 Kyaliwajjala_Mmoja
Sikuangalia. Nilikuwa nafurahi.

#50 Entebbe_Ziwani
Au liligongwa uani kwa muuzaji na dereva wa kuhamisha magari, wakapaka kimya. Waandikie barua, siyo simu. Uweke picha za kipimo.

#51 Kijana_wa_Filamu
Na mlango huo usibandikwe kitu kwa sasa, hata ukingo wake. Kama ulipakwa karibuni rangi inahitaji mwezi mmoja au zaidi ikauke mpaka ndani. Mbele unaweza kuendelea.

#52 Binti_Bombo
Pole kaka. Ila fikiria: ungebandika bila kupima, ungekaa miaka mitano, siku ya kubandua mlango unatoka na rangi, ungemlaumu kijana wa watu wa filamu.

#53 Kyaliwajjala_Mmoja
Ndicho mama watoto alichosema. Amesema pia kwamba milioni 3 na laki nne kwanza zikae, mpaka tujue tunalinda rangi ya nani.

#54 Mtanga_Kampala
Huyo mama aje kwenye jukwaa.

#55 Kyaliwajjala_Mmoja
Barua nimepeleka leo saa nane. Mhudumu amepokea, amegonga muhuri, akaniuliza kipimo hicho nimekipata wapi, maana hata wao wangekihitaji. Nitarudi na majibu.

#56 MamaKasese
Kijana wa Filamu, wakati tunasubiri, taa mbili peke yake ni shilingi ngapi? Na unafika Kasese?